Saa moja asubuhi, saa moja jioni: kumtunza mbwa mwenye kisukari

#1 Mama Nyota (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni wa yeyote aliyeambiwa wiki hii kwamba mbwa wake ana kisukari na papo hapo akashauriwa kuwa njia iliyobaki ni kumchoma sindano ya kumaliza maisha yake. Mimi niliambiwa hivyo miezi kumi na minne iliyopita. Mbwa wangu Nyota, jike chotara wa kilo 22 aliyekuwa na miaka minane wakati ule, bado yupo, anabweka getini na ndiye anayeniamsha alfajiri.

Dalili ya kwanza niliiona nisiitambue. Nyota alizoea kukojoa kando ya geti penye sementi, na asubuhi moja nikaona sisimizi wamejipanga kuelekea palepale, wakizunguka ukingo wa alama ya mkojo kama wanavyozunguka tone la chai ya sukari. Nikamwaga maji ya sabuni, nikadhani nimemaliza. Baadaye bakuli lake la maji, linalochukua lita mbili, likawa linakauka kabla ya adhuhuri; akaanza kukojoa ndani usiku, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mtoto; akawa anakula kuliko zamani na bado mbavu zinahesabika. Daktari wa kwanza alisema ni minyoo, akampa dawa ya minyoo bila kupima mkojo wala damu, na wiki tatu zikapotea. Wa pili alichovya kijiti kwenye mkojo, kikabadilika rangi, kisha akamtoboa ncha ya sikio na kipimo cha sukari kikasoma 27 (milimoli kwa lita, na namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho). Mbwa mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi.

Alinieleza kwa maneno ambayo sijayasahau. Sukari ikipanda katika damu ya mbwa mpaka kupita kama 10 au 12, figo hushindwa kuizuia, nayo humwagika kwenye mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mnyama hukojoa sana na kiu haimwishi. Wakati huohuo sukari hiyo tele haiingii ndani ya seli kwa kukosa insulini, hivyo mwili huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe huku bakuli la chakula likiwa limejaa. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, aliniletea vidonge vya kisukari alivyoviacha marehemu mumewe. Vidonge vile hufanya kazi kwa mtu ambaye mwili wake bado unajitengenezea insulini. Kwa kawaida kongosho la mbwa mwenye kisukari limekwisha kuacha kazi hiyo, kwa hiyo tiba yake ni insulini ya sindano, mara mbili kwa siku, maisha yake yote.

Neno «maisha yote» ndilo lililonitisha. Leo naona kwamba kuchoma sindano ni kazi ya sekunde kumi, na mzigo halisi ni saa. Hapa saa yetu ya Kiswahili imenirahisishia, kwa sababu saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni ni saa kumi na mbili kamili, na hakuna mtu nyumbani kwangu anayehitaji kupiga hesabu. Saa moja Nyota anakula, akimaliza anachomwa. Saa moja nyingine anakula kiasi kilekile cha chakula kilekile, anachomwa tena. Anapimiwa kwa kopo moja lisilobadilishwa: ugali wa dona, dagaa waliooshwa chumvi na mchicha uliochemshwa. Kati ya milo hiyo hapewi kitu. Awali niliona ni ukatili kumnyima kipande cha chapati aliyeketi akinitazama. Sasa najua kwamba kipande hicho huvuruga hesabu ya dawa ya siku nzima, na kwamba wageni na watoto ndio wanaopaswa kuelezwa hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Insulini anayotumia ni ile ya binadamu yenye rangi ya maziwa, inayouzwa katika duka la dawa. Hukaa kwenye rafu ya kati ya friji, mbali na sehemu ya barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika hata kama itaonekana nzima baada ya kuyeyuka. Kabla ya kuvuta naiviringisha chupa taratibu kati ya viganja mpaka maziwa yale yaenee sawasawa, bila kuitikisa kwa nguvu. Kisha naiinua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili ijitenge kama hema dogo, sindano inaingia chini ya hema hilo, nasukuma, nahesabu mpaka tano, natoa. Leo ubavu wa kulia, kesho wa kushoto, na kila mara mbali kidogo na pale nilipochoma awali, maana ngozi inayochomwa mahali pamoja hufanya uvimbe mgumu na dawa haiingii vizuri.

Mwenye swali aulize. Mimi si daktari, nasema nililoliishi.

#2 Mkulima wa Kisarawe

Dada, pole sana na hongera kwa moyo ulionao. Naomba niulize bila kukusudia kukukwaza. Huku kwetu kuna wazee wanaoikosa hiyo insulini, au wanaipata kwa taabu. Je, dhamiri haikusuti kumpa mbwa dawa ya binadamu? Na gharama yake mtu wa kawaida anaimudu?

#3 Mama Nyota

Kaka, swali lako ni la haki na mimi mwenyewe nililibeba kwa wiki kadhaa. Siichukui dawa kwenye foleni ya zahanati wala kwenye mgao wa mtu. Nainunua dukani kwa fedha yangu. Chupa moja ya mililita 10 ina uniti 1,000, na Nyota sasa anatumia uniti 18 kwa siku. Kwa hesabu hiyo ingetosha karibu miezi miwili, lakini nimeelekezwa nisiitumie zaidi ya mwezi mmoja tangu kufunguliwa, kwa hiyo kila chupa namwaga sehemu yake. Kilichonilemea mwanzoni ni kipimo cha sukari na vijiti vyake, pamoja na nauli ya kwenda kliniki kila wiki wakati daktari anatafuta kiwango. Baada ya miezi mitatu gharama ilishuka sana.

Kuhusu dhamiri, kuna jambo moja lililonituliza. Mwaka 1889, kule Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari; ndipo ilipojulikana kwamba ugonjwa huu unahusiana na kiungo hicho. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwapa mbwa wasio na kongosho maji yaliyokamuliwa kwenye makongosho ya wanyama wengine na kuona sukari yao ikishuka. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa binadamu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo. Mbwa hao wengi walikufa ili dawa hii ipatikane. Siwezi kukubali kwamba Nyota hastahili matone yake machache.

#4 Bint Kisauni

Assalaam aleikum, Mama Nyota, na asante kwa kulifungua jambo hili. Niko Mombasa. Mbwa wetu wa ulinzi, dume wa miaka kumi, amegunduliwa na kisukari wiki iliyopita. Nina maswali mawili. Kliniki moja ilitupa insulini ya wanyama, kisha mabomba ya sindano yakatuishia, na ndugu yangu akanunua mengine kwenye duka la dawa la watu. Mistari yake naiona ni tofauti na ile ya awali, nami nimeingiwa na hofu. La pili, nimesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba insulini hiyo imetokana na nguruwe. Sisi ni Waislamu na ni mimi ninayeishika kila siku. Je, ipo nyingine?

#5 Daktari wa Mifugo, Morogoro

Waaleikum salaam, dada. Hofu yako ni ya mahali pake, na naomba kila mwenye mbwa wa kisukari asome sehemu hii mara mbili. Insulini nyingi za wanyama zina uniti 40 katika kila mililita, ilhali insulini ya binadamu inayouzwa madukani kwetu ina uniti 100 katika mililita hiyohiyo, na kila moja ina bomba lake lenye mistari yake. Ukichukua bomba la 40 ukavuta insulini ya 100 mpaka alama ya 8, machoni mwako umevuta uniti 8, lakini ndani ya bomba mna uniti 20. Kosa hilo humuua mbwa. Kwako wewe limekuwa la upande wa pili: dawa ya 40 katika bomba la 100 humpa mbwa chini ya nusu ya anachohitaji, naye huendelea kukojoa na kukonda huku mkiamini anatibiwa. Tazama namba iliyoandikwa kwenye chupa na namba iliyoandikwa kwenye bomba. Zikitofautiana, usichome, mpigie daktari wako.

Kuhusu nguruwe, ni kweli. Insulini ya nguruwe na ya mbwa zinafanana kabisa katika mpangilio wake, ndiyo sababu ilichaguliwa kwa ajili ya wanyama hawa. Ile ya binadamu inatofautiana nayo katika sehemu moja tu ya mnyororo wake, na siku hizi hutengenezwa na bakteria au hamira maabara, bila kuchukuliwa kwa mnyama yeyote. Mbwa wengi hutibika vizuri kwa hiyo ya binadamu, na Nyota ni mmoja wao. Mwombe daktari wako akubadilishie, naye atapanga kiwango upya tangu mwanzo. Usibadilishe peke yako kwa kunakili namba ya zamani. Kwa kawaida tunaanza na robo hadi nusu ya uniti kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku, kisha tunapanda polepole.

Mama Nyota, nami nina swali kwako: Nyota amefungwa kizazi? Nauliza kwa sababu majike ambao hawajafungwa ndio ninaowapokea mara nyingi, na mara nyingi ugonjwa hujitokeza wiki chache baada ya joto, yaani kile kipindi jike anapotaka dume. Joto likipita, mwili wa jike hubaki na homoni ya projesteroni kwa wingi kwa karibu miezi miwili, awe na mimba au asiwe nayo, na kwa mbwa homoni hiyo huyachochea matiti yatoe homoni ya ukuaji, ambayo hupingana na insulini. Unaweza kuongeza dawa wiki baada ya wiki usione mabadiliko. Wapo majike waliofungwa kizazi mapema na kisukari kikaondoka kabisa. Waliochelewa wanabaki na ugonjwa, lakini angalau unatulia. Naomba pia muwe waangalifu na sindano za kuondoa muwasho. Deksamethasoni na prednisoloni hupandisha sukari, na huchomwa ovyo sana kwa mbwa wenye viroboto. Meno yaliyooza, maambukizi ya mkojo na homa ya kupe navyo huivuruga sukari iliyokuwa imetulia.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kesho: mbwa wa kisukari akikataa chakula, akitapika, akilegea, na pumzi yake ikinuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, damu yake inaingia sumu ya kuungua kwa mafuta. Huyo ni wa kulazwa siku hiyohiyo.

#6 Mama Nyota

Daktari, umeligusa lenyewe. Nyota hakuwa amefungwa. Aliingia joto Machi, na sisimizi niliwaona Mei. Kwa wiki sita tulipanda kutoka uniti 6 hadi 13 na kipimo hakikushuka chini ya 20, mpaka daktari wangu akasema tufunge kizazi kwanza. Baada ya upasuaji ilibidi dawa ipunguzwe haraka, na tukatulia kwenye uniti 9 asubuhi na 9 jioni.

Sasa niseme lile ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Jumamosi moja kijana wangu, aliyekuwa likizo, alimlisha Nyota na kumchoma saa moja kamili, akaenda zake mpirani bila kuandika. Mimi nikarudi kutoka sokoni robo saa baadaye, nikaukuta ukurasa wa daftari mtupu, nikamchoma. Saa tano nilimwona amesimama kando ya pipa la maji, miguu ya nyuma imeachana kama ya ndama aliyezaliwa leo, kichwa kimeinama, akiutazama ukuta. Nilimwita. Akageuka upande usio wangu. Kisha misuli ya uso ikaanza kutetemeka na akaanguka kwa ubavu.

Daktari alikuwa amekwisha kunifundisha. Nilichukua asali, nikaipaka kwa kidole kwenye fizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo. Sikummiminia mdomoni, kwa kuwa mnyama aliyelegea hupaliwa na vinywaji vikaingia mapafuni. Kipimo kilisoma 2.1. Baada ya dakika kama tano alinyanyua kichwa, akaulamba mkono wangu, nikampa ugali, akala. Sikuishia hapo, kwa sababu insulini ile ilikuwa bado na saa nyingi za kufanya kazi, na asali huisha mapema kuliko insulini. Tulipanda bajaji tukaenda kliniki, akawekewa dripu ya sukari mpaka usiku.

Tangu siku hiyo daftari limefungwa kwa uzi kwenye mlango wa friji, na kalamu imefungwa kwenye daftari. Anayechoma anaandika saa, uniti na jina lake kabla hajafunika sindano. Na kama mtu hana uhakika iwapo dawa imeingia, labda mbwa aliruka au amehisi majimaji kwenye manyoya, harudii. Kukosa dozi moja kutampandishia sukari kwa nusu siku. Kurudia kunaweza kumwua kabla ya mchana. Akikataa kula, vilevile simchomi dozi kamili. Namwita daktari kwanza.

Jambo jingine, linalohusu wenye watoto: chingamu na pipi zilizoandikwa kuwa hazina sukari zisikae mahali mbwa anapofika. Nyingi zina zailitoli, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ghafla na kuharibu ini. Mtu anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa haina sukari, ndiyo inayomfaa mwenye kisukari.

#7 Mzee wa Bukoba

Nawashukuru kwa maelezo. Mbwa wangu ana mwaka wa pili na ugonjwa huu, na macho yake yamekuwa meupe kama maziwa ndani ya wiki chache tu. Nilidhani ni uzee. Ni kisukari?

#8 Daktari wa Mifugo, Morogoro

Ndiyo, mzee wangu, huo ni mtoto wa jicho. Sukari ikizidi huingia ndani ya lenzi, hugeuzwa kuwa kitu kinachovuta maji, na lenzi hupoteza uangavu wake. Mbwa wengi wenye kisukari hufikia hapo, hata baadhi ya wale wanaotunzwa vizuri, kwa hiyo usijilaumu. Upasuaji upo, ila wanaoufanya katika nchi zetu ni wachache. Mbwa asiyeona hujifunza nyumba yake kwa pua na kwa nyayo upesi kuliko tunavyotarajia, mradi usihamishe viti, bakuli wala ndoo. Lakini jicho likiwa jekundu, akilifumba au likitoa machozi, mlete, kwa sababu lenzi iliyoharibika huweza kuvimbisha jicho na kuliuma, na hayo yana dawa.

#9 Mkulima wa Kisarawe

Nimesoma yote, dada, na nimekuelewa. Huku umeme hukatika hata siku mbili. Dawa inakuwaje?

#10 Mama Nyota

Kaka, mimi hutumia chungu cha udongo kilichotiwa ndani ya karai lenye mchanga uliolowana maji, kikafunikwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo. Maji yanapokauka hupoza chungu, na watu wenye kisukari wamekuwa wakihifadhi dawa zao hivyo. Chupa iingie kwenye mfuko mkavu kwanza. Usiiweke kwenye gari wala juu ya friji iliyozimwa, na ukiona mabonge yasiyoyeyuka baada ya kuviringisha, au unga ulioganda kwenye kioo, itupe.

#11 Bint Kisauni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Daktari wetu alitubadilishia insulini na kutupa mabomba yake, na kwa kuwa tuna kipimo nyumbani alituagiza tumpime kila baada ya saa mbili kutwa nzima ya jana, tukimtoboa ukingo wa sikio. Saa moja asubuhi alikuwa 16.8, saa tatu 13.5, saa tano 9.2, saa saba 7.4, saa tisa 8.9, saa kumi na moja 12.1, na saa moja jioni 15.7. Amerudisha kilo moja na hakojoi tena ndani. Ndugu yangu anataka tuongeze uniti moja ili ile 16 ishuke. Mwasemaje?

#12 Daktari wa Mifugo, Morogoro

Hongera sana, dada, hiyo ni kazi safi. Msiongeze kitu kwa sasa. Kwa mbwa tunatafuta sukari ikae takribani kati ya 5.5 na 14 kwa sehemu kubwa ya siku, hatutafuti namba za binadamu, na wenu yuko karibu sana na hapo. Tazama ile 7.4 ya saa saba: hapo ndipo dawa inapofikia nguvu yake, na mkiongeza dozi ndipo patakaposhuka kwanza, kabla ya ile ya asubuhi. Kumbukeni pia kwamba vipimo vilivyotengenezwa kwa binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya uhalisia kwenye damu ya mbwa. Mpelekeeni daktari wenu karatasi hiyo kama ilivyo, na uzito mliompima, yeye ndiye aamue.

#13 Mama Nyota

Bint Kisauni, nimefurahi mno. Niandikie inbox nikutumie picha ya ukurasa wa daftari letu jinsi tulivyouchora, ili ndugu yako naye awe na mahali pa kutia jina lake. Nawaacha kidogo; ni saa moja kasorobo na Nyota amekwisha kuja kusimama mbele ya friji.